Fay Taylour: Manzi aliyewachapa mabingwa wa spidiwei, kisha akafungiwa mlango juu ni mwanamke

Kama hujawahi kusikia jina Fay Taylour, usijiskie vibaya. Hata huko Uingereza kuna mashabiki sugu wa mbio za nduthi ambao hawamjui. Lakini kati ya 1928 na 1930, huyu manzi alikuwa staa wa ukweli. Jina lake likiwekwa kwenye bango, watu walikuja. Alivuka bahari hadi Australia, akakimbizana na wanaume kwenye pikipiki isiyo na breki, na akawaacha wakila vumbi lake.

Halafu akarudi Uingereza na kupata sheria mpya inamngoja. Wanawake hawaruhusiwi tena. Hakuwa amefeli wala kuzeeka, na hakuna mtu alikuwa amempita. Mlango ulifungwa tu.

Stori ingeishia hapo ingekuwa rahisi. Tungemwita shujaa, tupige makofi, twende home. Shida ni kwamba Fay mwenyewe baadaye alichagua njia iliyomtupa jela, na hapo hakuna mtu wa kumsingizia. Wacha tuanze mwanzo ndio uelewe.

Binti ya karao

Fay alizaliwa tarehe 5 Aprili 1904 kwenye mji mdogo unaoitwa Birr, katikati ya Ireland. Jina lake kamili lilikuwa Helen Frances, lakini Fay ndio lilishika. Siku hizo Ireland yote ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza, na babake alikuwa karao, tena si karao wa kawaida. Alikuwa afisa wa cheo kwenye Royal Irish Constabulary, polisi wa serikali ya kikoloni.

Sasa fikiria kukua kwenye nyumba kama hiyo. Fay alikuwa tineja wakati Waayalandi walianza kupigania uhuru, 1919 hadi 1921, na polisi ndio walikuwa wa kwanza kuwindwa. Kufika 1922 kikosi cha babake kilivunjwa kabisa. Kwa hivyo huyu msichana alijua mapema kwamba mambo unayoyaona ni ya kudumu yanaweza kupotea ndani ya mwaka mmoja.

Kwa upande wa doh, familia ilikuwa poa. Alisomea Alexandra College kule Dublin, shule ya wasichana wa familia zinazojiweza. Wenzake walitarajiwa kujifunza adabu za mezani, wapate mchumba wa maana na watulie. Fay naye moyo wake ulikuwa kwenye injini. Alijua kuendesha gari angali msichana, na familia ilipohamia Uingereza akajipatia pikipiki.

Hakuinunua ya kwendea sokoni. Aliingia kwenye mashindano ya kupanda vilima, kuvuka matope na kuruka mawe, na vikombe vikaanza kujaa kwenye rafu.

Mchezo usio na breki

Hapa lazima tusimame kidogo, juu bila kuelewa spidiwei huwezi kuelewa mbona Fay alikuwa noma.

Spidiwei ni mbio za pikipiki kwenye duara la udongo au changarawe. Wanaume wanne wanapangwa kwenye mstari, wanazunguka mara nne, na ndani ya kama dakika moja mambo yameisha. Anayeshinda anachukua pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anaenda home mikono mitupu. Wanazunguka kushoto tu.

Na nduthi yenyewe haina breki. Usidhani imeharibika, imetengenezwa hivyo. Kufika kona, dereva anaangusha pikipiki upande mmoja, anaiacha gurudumu la nyuma liteleze, na anageuza usukani upande mwingine huku akiongeza moto. Ukiogopa ukapunguza ghafla, unaruka. Ukizidisha, unagonga ua. Yaani kinachokuokoa ni kuongeza kasi wakati akili yako yote inakuambia upunguze.

Mchezo huu ulikuwa umeshika Australia kabla ufike Uingereza. Tarehe 19 Februari 1928, mbio zikafanyika High Beech, kwenye msitu wa Epping nje ya London, na wengi huitambua hiyo kama siku spidiwei ilizaliwa Uingereza. Walioandaa walidhani ingekuwa siku ya kawaida. Wakaja makumi ya maelfu ya watu. Umati ulikuwa mkubwa hadi wengine walisimama kwenye njia yenyewe ya mbio.

Mapromota walinusa pesa papo hapo. Ndani ya miezi michache viwanja vikafunguliwa kila kona ya nchi. Vijana wa viwandani walikuwa wanamaliza shift, wanalipa kiingilio cha bei nafuu, wanakaa chini ya taa za umeme usiku wakinusa harufu ya mafuta ya injini. Ilikuwa burudani ya mtu wa kawaida.

Kuingia kwa wanaume

Fay aliona haya yote akiwa na miaka 24. Matope na vilima vikaanza kumboesha. Mwaka huohuo wa 1928 akaenda Crystal Palace, kusini mwa London, na kutaka nafasi.

Hapo tuelewane. Wanawake Uingereza walikuwa ndio tu wamepata haki ya kupiga kura sawa na wanaume, mwaka huohuo wa 1928. Sasa huyu anataka kupanda mashine inayowavunja wanaume mbavu kila wiki. Lakini mapromota walikuwa watu wa biashara, na manzi kwenye nduthi ni kitu kila mtu angelipa kuona, hata kama ni kuona akianguka.

Na kuanguka alianguka. Kila mtu aliyejifunza mchezo huu aliramba udongo. Tofauti ni kwamba Fay aliamka, akarudi, akarudia kona ileile hadi ikamtii. Haikuchukua muda, waliokuja kuona kioja wakajipata wanaona mwendeshaji wa maana.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa pia na Eva Asquith, msichana wa Yorkshire, naye mkali balaa. Mapromota walipenda kuwakutanisha hao wawili, juu mbio zao zilikuwa zinajaza uwanja. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba wanawake kwenye spidiwei walikuwa mapambo tu, mwambie aende akasome historia.

Mwanzoni mwa 1929, baridi ikiwa imefunga viwanja vya Uingereza, Fay alifanya kitu ambacho hata wanaume wengi hawangethubutu. Alipanda meli kwenda Australia, wiki kadhaa baharini, kuwafuata waliouanzisha mchezo kwao nyumbani.

Perth, upande wa magharibi, kulikuwa na jamaa anaitwa Sig Schlam. Huyo ndiye alikuwa mwamba wa hapo, bingwa anayejua kila shimo la uwanja wake. Fay alipambana naye na akamshinda. Mgeni, tena msichana, kwenye uwanja wa mwenyewe, mbele ya mashabiki wa mwenyewe. Magazeti ya Australia yakachizi. Akaendelea kukimbia miji mingine, akafika hadi New Zealand.

Aliporudi Uingereza hakuwa tena kioja. Alikuwa jina. Msimu wa 1929 viwanja vilimgombania, na jina la utani likamshika: Flying Fay.

Mlango unafungwa

Msimu ulipoisha alirudi tena upande wa Australia na New Zealand. Na ni akiwa huko, mbali na kila mkutano na kila meza ya maamuzi, mambo yakabadilika London. Wanawake wakapigwa marufuku kwenye spidiwei ya Uingereza. Aliporejea 1930, kazi yake haikuwepo.

Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Mchezo ni hatari, mwanamke anaweza kuumia mbele ya umati, jina la spidiwei litachafuka.

Sasa jiulize. Wanaume walikuwa wanaumia kila msimu, na wengine walikufa. Hakuna aliyewafungia wanaume. Walipelekwa hospitali, wakafungwa bandeji, wakarudi Jumamosi iliyofuata. Hatari ilikuwa ileile, mashine ileile, udongo uleule. Kilichobadilika ni nani amekaa juu.

Na kuna kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye sheria. Mwaka wa 1929 mchezo ulikuwa umeanza ligi za timu. Spidiwei ilikuwa inataka kuonekana ya heshima, si maonyesho ya sarakasi. Kwenye hesabu hiyo, bingwa mwanaume kushindwa na manzi wa kilo chache haikuwa picha waliyotaka. Mimi naona hapo ndipo shida ilikuwa. Kama Fay angekuwa anamaliza wa mwisho kila mara, huenda wangemwacha aendelee kuchekesha watu.

Kazi yake ya spidiwei Uingereza ilikuwa imedumu karibu misimu miwili tu.

Magurudumu manne

Watu wengine wangelia, wangeandika barua, wangekata tamaa. Fay alibadilisha gia. Akahamia magari.

Kwenye uwanja wa Brooklands, ule wa zege wenye kona zilizoinuka kama ukuta, aliendesha mbio za wanawake na akaonyesha kasi ya kutisha. Mwaka 1932, baada ya mbio moja kuisha, hakusimama. Aliendelea kuzunguka kwa kasi zote huku maafisa wakimpungia bendera kama wasimamizi wa stage waliokasirika. Alisimama alipotaka yeye. Wakamwadhibu. Hiyo ndiyo tabia yake, kwa uzuri na kwa ubaya: ukimwambia simama, anaongeza moto.

Mwaka 1934 akarudi nyumbani Ireland kushindana kwenye Leinster Trophy, mbio za barabarani. Akaendesha gari la Kijerumani aina ya Adler. Akashinda. Si kitengo cha wanawake, bali mbio zenyewe, wanaume wakiwa nyuma yake. Kabla muongo haujaisha alikuwa amekimbia hadi Afrika Kusini.

Kwa hivyo ile hoja kwamba hakuwa na uwezo ilikufa hapo. Uwezo ulikuwepo, tena wa kumwaga. Spidiwei ndio iliamua haiutaki.

Mahali hakuna wa kumtetea

Sasa tunafika kwenye sehemu chungu, na hatuwezi kuiruka.

Miaka ya 30, Uingereza ilikuwa na chama cha kifashisti, British Union of Fascists, kikiongozwa na Oswald Mosley. Mashati meusi, saluti za mkono juu, chuki ya wazi dhidi ya Wayahudi. Fay akajiunga nao. Vita na Ujerumani vilipoanza 1939, hakunyamaza. Aliendelea kuwa upande huo bila kuficha.

Tarehe 1 Juni 1940, wiki ambazo jeshi la Uingereza lilikuwa linahepa kutoka Dunkirk, makarao walimjia. Binti ya karao akatiwa ndani bila kesi, kwa sheria ya dharura iliyoitwa 18B, iliyotumika kuwafungia watu serikali iliona ni hatari kwa taifa. Mosley mwenyewe alikuwa ameshakamatwa siku chache kabla. Fay alipelekwa gereza la Holloway, London, baadaye akahamishiwa kambi ya wanawake Port Erin, kwenye kisiwa cha Man.

Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu. Oktoba 1943 akaachiliwa kwa sharti moja: aende akaishi Ireland, ambayo haikuwa imeingia vitani. Hata baada ya vita kuisha, majasusi waliendelea kumfuatilia.

Kuna watu hujaribu kusema alikuwa tu mkaidi, kwamba alipinga kila kitu serikali ilisema kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Ukaidi alikuwa nao, tumeuona Brooklands. Lakini wakaidi wengi waliishi London miaka hiyo na hawakuvaa beji ya mafashisti. Alichagua. Na alichagua watu ambao, wangeshinda, wangewafungia milango mamilioni kwa ukatili mara elfu kuliko ule aliofungiwa yeye. Unaweza kuonewa leo na kesho ukashabikia uonevu wa wengine. Fay ni ushahidi.

Raundi za mwisho

Baada ya vita wengi walidhani amekwisha. Alikuwa amepita miaka 40, pesa hakuna, jina limechafuka. Lakini 1949 akatokea Marekani, upande wa Hollywood, akiuza magari ya Kiingereza kwa matajiri na kukimbia mbio za vigari vidogo kwenye njia za udongo. Ona hiyo: miaka karibu 20 baada ya kufungiwa, alikuwa amerudi kwenye duara la vumbi, akipiga drifti, ila sasa kwa magurudumu manne.

Yaliyopita yalimfuata hata huko. Kuna wakati Marekani ilimkatalia kurudi kwa sababu ya rekodi yake ya vita. Akarudi Ulaya, akakimbia magari madogo ya sisi 500 kwenye viwanja ambako vijana kama Stirling Moss walikuwa wanajijengea jina. Walikuwa wadogo kwake kwa miaka 25 hivi.

Miaka ya 50 ilipokuwa ikielekea mwisho akaweka helmeti chini. Hakuolewa, hakuwa na watoto, na aliishi kimya Dorset, kusini mwa Uingereza. Tarehe 2 Agosti 1983 akafariki akiwa na miaka 79.

Kile spidiwei ilijinyima

Sasa cheki huo mchezo uliomfungia uko wapi sai.

Crystal Palace, pale Fay alianzia, spidiwei iliondoka kabla ya 1934. Timu ikahamia New Cross, na New Cross nayo ikaisha. Wembley ikafunga. West Ham ikafunga. Tangu Wimbledon ifunge 2005, London nzima, mji ambao zamani ulikuwa na mbio karibu kila usiku wa wiki, haina timu hata moja. Nje ya London mambo si tofauti. Coventry ilipoteza uwanja wake mwisho wa 2016. Peterborough na Wolverhampton zikafuata mwisho wa 2023.

Shida kubwa ni ardhi. Timu nyingi hazimiliki uwanja, zinakodisha, mara nyingi kwa kushirikiana na mbio za mbwa. Mwenye uwanja akiona nyumba au biashara nyingine ina faida zaidi, timu inapewa notisi. Na mashabiki wengi wamezeeka. Vijana wanatazama kitu kingine kwenye simu. Waendeshaji wakali nao wanakula hela Poland, ambako ligi ina viwanja vinavyojaa na mikataba minono.

Si kwamba vipaji vimeisha. Tai Woffinden aliwaletea Waingereza ubingwa wa dunia 2013, 2015 na 2018. Timu ya taifa ilibeba Speedway of Nations 2021, ikarudia 2024, zote pale Manchester, kwenye uwanja mpya wa Belle Vue uliofunguliwa 2016. Uwanja mmoja wa kisasa uliojengwa kwa ajili ya spidiwei umeonyesha kwamba ukiwapa watu mahali pazuri, bado wanakuja.

Lakini mchezo unaotafuta mashabiki kwa tochi lazima uulizwe ulifanya nini ulipokuwa nao tele. Mwaka 1930, uwanja ukiwa umejaa, ulimwangalia msichana aliyekuwa anauza tiketi na kushinda mbio, ukamwambia aende. Pamoja na yeye ukawaambia wasichana wote waliokuwa wamekaa pale juu wakimtazama: nyinyi ni wa kutazama tu. Hakuna anayejua ni akina Fay wangapi walirudi nyumbani usiku huo na kuachana na ndoto.

Sai mambo yanabadilika, polepole. Wasichana wanaendesha, na shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, limeanza kuwapa wanawake mafunzo na mashindano ya spidiwei. Ni karibu karne moja tangu Perth. Kama mchezo huu utaokoka Uingereza, utahitaji kila mtu anayetaka kupanda, na hauna tena jeuri ya kuchagua.

Fay hatuwezi kumweka kwenye ukuta wa mashujaa kisha tufunike ile sehemu ya mashati meusi. Pia hatuwezi kutumia mashati meusi kusema kwamba walifanya vizuri kumfungia 1930. Walimfungia akiwa hajakosea kitu, na kosa lake la baadaye halisafishi lao. Yote mawili ni kweli, na mchezo utabidi uyabebe yote mawili ukimkumbuka.